Utumbo wa mama na afya ya mtoto mchanga: maswali yenu

Nina vidonda vya utumbo mpana (ugonjwa wa muda mrefu wa kuvimba utumbo) na mimba ya wiki 10. Mama mkwe ananihimiza niache mesalazini, dawa ninayotumia kuutuliza, eti itamdhuru mtoto. (Umoja)

Usiache, dada. Hofu ya mkweo inatoka kwenye upendo, lakini kinachomhatarisha mtoto zaidi ni ugonjwa wenyewe ukiamka. Hapo mimba yaweza kutoka, au mtoto akazaliwa kabla ya wiki 37, au chini ya kilo 2.5. Utumbo ukitulia, wengi hujifungua salama. Dawa ya kuogopwa ni methotreksati: hulemaza mtoto tumboni, na huachwa angalau miezi 3 kabla ya kushika mimba. Nenda kliniki na mkweo, ayasikie haya kwa daktari.

Nami nina ugonjwa huu. Tunataka mtoto, lakini bado naharisha damu. (Kasarani)

Subirini kwanza, utumbo utulie miezi 3 hadi 6. Wanaoshika mimba ugonjwa ukiwa macho, takriban theluthi mbili hubaki hivyo au huzidiwa. Na tafadhali, usikimbilie kununua dawa ya amiba kila uonapo damu. Nimeona kina mama wakipoteza miezi mingi kwa njia hiyo.

Nilidungwa infliksimabu, dawa ya ugonjwa huu, hadi mwezi wa 8 wa mimba. Mtoto achanjwe kama wengine? (Kayole)

Swali hili laweza kuokoa maisha. Miezi ya mwisho dawa hiyo hupita kwenye kondo la nyuma, ikakaa katika damu ya mtoto kwa miezi kadhaa na kudhoofisha kinga yake. BCG, chanjo ya kifua kikuu, ina vijidudu hai vilivyopunguzwa nguvu. Kwa mtoto kama wako huahirishwa mpaka atimize angalau miezi 6. Hapa kwetu huchanjwa mapema, mara nyingi kabla mama hajatoka hospitali, na muuguzi hatajua usipomwambia. Mwombe daktari aandike jambo hili katika kijitabu cha mama na mtoto kabla ya uchungu kuanza, na mumeo alijue pia. Kuhusu matone ya polio na ya rota (ya kuzuia kuhara), ambayo pia ni hai, amua na daktari wa watoto. Chanjo zisizo hai, kama zile za pepopunda na kifaduro za wiki ya 6, apewe kwa wakati wake.

Je, ninyonyeshe? Na mtoto atarithi ugonjwa huu? (Kawangware)

Nyonyesha, mama, dawa nyingi za ugonjwa huu hazizuii, isipokuwa chache kama methotreksati. Kurithi kunawezekana, ila mzazi mmoja akiwa nao, watoto walio wengi hawaupati.