Usisubiri siku 30 ndipo usome ulichoandika

Mkuu mleta mada, simama hapo hapo. Umesema maandazi unayosambaza kwenye maduka 14 yanarudi kwa wingi tangu mwezi uliopita, sababu huijui, na sasa umeamua kujaribu uandishi huru, yaani kuandika lolote linalokuja bila kusimamisha mkono: dakika 45 kila usiku, siku 30 mfululizo, bila kusoma hata mstari mmoja mpaka mwezi uishe. Ukauliza kama utumie daftari au simu, asubuhi au usiku, na kama njia hiyo itakupatia na jina la biashara. Hayo yangoje. Hilo la kutosoma mpaka mwezi uishe ndilo litakalokula mwezi wako mzima huku maandazi yakiendelea kurudi.

Nami nililishwa ushauri huo huo kwenye semina ya wajasiriamali, tena kwa kulipia kiingilio. Kilichopatikana ni madaftari manne ya malalamiko yale yale. Ndiyo maana nimeshindwa kupita kimya.

Piga hesabu kwanza. Mtu anayeandika kwa mkono haraka haraka hutoa kama maneno 20 hadi 25 kwa dakika. Dakika 45 ni maneno kama 1,000. Zidisha kwa siku 30: maneno 30,000, yote ya mwandiko wa kukimbizana, hayana nukta wala aya. Nani atakaa ayasome? Na hata ukikaa, utakuta umeandika "yule wa juzi kasema tena". Yule nani? Juzi ipi? Usiku ule ulikuwa unamjua, unaisikia na sauti yake, hukuona haja ya kumtaja jina. Maandishi ya namna hii yanaeleweka siku mbili tatu tu, kwa sababu nusu ya habari imebaki kichwani mwako. Ikishatoka kichwani, ulichobaki nacho ni karatasi.

Hasara kubwa zaidi ni kwamba bila kuisoma ya jana, kesho unaanzia pale pale. Dakika za mwanzo za kila duru, yaani kila kipindi cha kuandika, hutoka yaliyo juu juu: uchovu, bei ya unga, mtu aliyekuudhi asubuhi. Hilo ni povu la chungu na lazima limwagike, usiogope. Lakini aliyesoma akachukua swali moja, duru yake inayofuata inaanzia chini ya povu. Asiyesoma anaengua povu siku zote 30, halafu anasema uandishi huru haufanyi kazi.

Wanaofundisha hivi wamechanganya vitu viwili. Lipo zoezi la kuandika kurasa tatu kila asubuhi ili kutua mzigo wa mawazo. Kwenye zoezi hilo ni kweli watu huambiwa wasirudi kusoma kwa wiki kadhaa za mwanzo, maana lengo ni kupumua, jibu halitafutwi. Uandishi huru wa kutafuta wazo, ule ambao mwalimu wa Kimarekani Peter Elbow aliueleza mwaka 1973, una nusu mbili. Nusu ya kwanza kila mtu anaijua: dakika kama 10, mkono hausimami, hufuti, husahihishi. Nusu ya pili ni kurudi kwenye ulichoandika, kutafuta kiini chake, kukiweka kwa sentensi moja, na kuanzia hapo kuandika tena. Hii ya pili wakufunzi wa wikendi wanaiacha njiani kwa sababu ni kazi, na haichangamshi ukumbi. Ni rahisi kumwambia mtu "amini tu, akili itajibu yenyewe" kuliko kuinama naye dakika tano juu ya mwandiko wake. Mtu anatoka pale ametoa hela ya mfuko wa unga na amepewa nusu ya chombo. Inaniuma, na wataendelea kufanya hivyo kwa wengine.

Kwa hiyo shika hili moja hata kama mengine yote utayasahau: usianze duru ya pili hujavuna ya kwanza, yaani hujaisoma ukatoa swali moja. Dakika 10 kuandika, dakika 5 kuvuna, kabla hujainuka kitini.

Kuvuna kunataka kalamu ya rangi nyingine. Pigia mstari kila kitu kinachoweza kuhesabiwa au kukaguliwa kesho. Neno lililojirudia mara tatu na zaidi, lizungushie duara. Pale ambapo mkono ulipunguza mwendo, au uliporuka kutoka jambo moja kwenda jingine ghafla, weka nyota, kwa sababu mara nyingi hapo ulikuwa unakwepa kitu. Halafu kagua vitenzi. Kiswahili kina uficho mzuri sana: hela imepotea, mzigo umecheleweshwa, hesabu imesahaulika, maandazi yamerudishwa. Mtendaji hayumo. Kila kitenzi cha namna hiyo kiulizie "nani?" pembeni ya ukurasa, na jibu likiwa ni wewe, liandike hivyo hivyo.

Tuseme usiku wa leo umeandika hivi:

"sijui nianze wapi mkono umechoka leo tena yamerudi arobaini na mbili wa duka la kona kasema watu hawanunui labda sukari imepungua labda yule wa mtaa wa pili anauza bei ndogo sijui sijui lakini asubuhi yaliisha mbona asubuhi yanaisha ni ya jioni ndiyo yanarudi mzigo wa jioni unacheleweshwa unga nao umepanda bei nitafanyaje"

Usipovuna, utakachobaki nacho kichwani ni sukari na yule wa mtaa wa pili, kwa sababu ndivyo vinavyouma. Kesho utaongeza sukari, keshokutwa utashusha bei, na vyote viwili vitakula faida kabla hujajua kama ndilo tatizo lenyewe. Hapa ndipo hela nyingi zinapopotelea. Ukivuna, unaona kwamba sukari na mshindani vyote vimetanguliwa na "labda". Ni makisio. Kilicho na uzito ni 42, ni asubuhi yanaisha, ni jioni yanarudi. Kisha lipo neno "unacheleweshwa". Na nani? Tazama kilichofuata: papo hapo umerukia bei ya unga. Weka nyota. Huenda anayechelewesha ni boda, huenda ni wewe unayechelewa kuwasha jiko. Swali la kuvuna ni moja: mzigo wa jioni unafika kila duka saa ngapi, na nani ndiye anayeamua saa hiyo? Hilo linaandikwa juu ya ukurasa mpya, na duru ya pili inaanza nalo.

Duru ya pili ikileta kitu cha kukagua, nenda kakague. Mpe boda karatasi aandike saa ya kufika kila duka kwa siku tatu. Kama yanafika saa moja usiku, watu wa chai ya saa kumi walishapita zamani, na hakuna sukari itakayowarudisha. Duru ya tatu ikikurudisha kwenye swali lile lile, weka kalamu chini. Hapo umekosa taarifa, wazo lipo. Kuandika hakuwezi kukupa idadi ambayo hukuihesabu, na hili nalo hawalisemi ukumbini.

Dakika 45 ziache. Kuanzia dakika ya 15 au 20 mkono unauma, na mtu anaanza kuandika insha, sentensi zinapendeza, ukweli unapungua. Duru mbili za dakika 10 zilizovunwa zinakutosha kwa usiku mmoja, tatu zikizidi.

Na kichwa cha ukurasa kiwe chembamba. Ukiandika juu "Biashara yangu" utapata hotuba. Ukiandika "Maandazi yanayorudi yanatoka maduka gani?" mkono unalazimika kupita duka hadi duka, na njiani ndiko vinakookotwa vitu.

Tumia daftari. Simu nyingi zinabadilisha maneno ya Kiswahili kuwa ya Kiingereza wakati unaandika, jicho linarudi kurekebisha, na ukisharekebisha neno moja umeshaanza kuhariri. Kama huna budi, zima urekebishaji huo kwenye mipangilio, zima na data, na usitazame kioo. Andika kwa lugha unayobishania bei sokoni. Kama unachanganya, changanya. Kiingereza cha semina kinakusimamisha utafute neno, na mkono ukisimama ile sauti ya ndani inayokosoa inapata nafasi ya kuingia. Ukikwama, rudia neno la mwisho: unga unga unga unga. Linachosha upesi, na akili huleta sentensi nyingine ili ikuondoe hapo. Usinyanyue kalamu kufikiri.

Ukurasa mbichi usimwonyeshe mtu, hata mwenzako wa biashara. Siku utakapoandika huku ukijua atasoma, "mimi ndiye ninayechelewa kuwasha jiko" haitaandikwa. Mpelekee swali lililovunwa, hilo linajadilika.

Na kama umeshaanza na una kurasa za siku chache, usizitupe. Za siku tatu za mwisho zivune leo kwa kalamu ya rangi wakati bado unamkumbuka "yule wa juzi". Za nyuma zaidi pitia haraka ukitafuta tarakimu na majina ya maduka tu, yaliyobaki yaache.

Leo usiku weka kengele ya dakika 10, andika juu ya ukurasa swali la maduka, anza. Kengele ikilia, chukua kalamu ya rangi, weka kengele nyingine ya dakika 5. Ukimaliza rudi kwenye uzi huu uweke lile swali moja ulilovuna tukusaidie kulikagua. Swali tu, kurasa baki nazo.