Maswali na majibu: bakapu ya seva inapogombana na majina ya faili

Naanza na swali lililo la haraka kuliko mengine.

Asubuhi tumekuta faili zote za seva ya ofisi zimeongezewa herufi ngeni mwishoni mwa majina, na hazifunguki. Bakapu (nakala ya akiba ya faili) ya usiku bado ipo kwenye ratiba. Tuiache iende? – Msomaji, Nyegezi

Hapana, ndugu yangu. Simamisha ratiba sasa hivi na chomoa waya wa mtandao wa seva. Hizo ni dalili za virusi vya kudai fidia: vinafunga faili kwa msimbo, kisha vinazipa majina mengine. Programu ya bakapu itaziona kama faili mpya na kuzibeba. Ikiwa imepangwa kufuta kila kisichokuwepo tena kwenye chanzo, itafuta nakala nzima za jana zenye majina ya zamani. Diski ya nje iliyochomekwa hapo nayo iondoe. Mashine iwekewe mfumo upya kwanza, ndipo urudishe nakala ya tarehe iliyotangulia tatizo. Na wengine mnaosoma: kama ofisini kwenu hakuna nakala hata moja inayokaa nje ya seva, imechomolewa, nawaomba muitafute wiki hii.

Natunza seva ya shule huku Magu. Skripti (faili ya amri) ya bakapu inakusanya faili za wanafunzi kwa find na xargs, amri za kutafuta faili na kuzipitisha kwa amri nyingine, lakini inakatika njiani ikilalamikia alama ya nukuu. Nimeona faili za watoto wenye majina kama Ng'wana na Ng'hwele hazimo kwenye nakala. Niwaandike bila ile alama? – Mwalimu

Shikamoo mwalimu, na asante kwa kuchungulia ndani ya nakala. Wengi huridhika na ujumbe kwamba kazi imekwisha.

Usiikate alama. Jina la mtoto lipo kwenye cheti chake cha kuzaliwa, na skripti ndiyo inayopaswa kurekebishwa. Kinachotokea ni hiki: xargs, isipoelekezwa vingine, huchukulia alama ya ng' kuwa mwanzo wa nukuu, ikatafuta ya kuifunga, isipoiona inagoma. Andika find na chaguo la -print0, upande wa pili xargs -0. Hapo kila jina linatenganishwa na baiti tupu (yenye thamani sifuri), ambayo haiwezi kuwemo ndani ya jina la faili, na alama zote hupita salama, nafasi zikiwemo. Na kama ndani ya skripti kuna kitanzi (amri zinazojirudia) kinachotumia kigeu (neno linalobeba thamani) cha jina, kizungushie alama za nukuu mbili: "$faili", si $faili peke yake.

Kuna jambo lingine linalowasumbua hasa watu wa kanda yetu ya Ziwa. Alama ya ng' huja kwa sura mbili: iliyonyooka, ya kibodi ya kompyuta, na iliyopinda, ambayo Word na baadhi ya simu huiweka zenyewe. Kwa macho zinafanana. Kwa seva ni herufi mbili tofauti kabisa. Mtoto mmoja anaweza kuwa na faili mbili, moja ya muhula wa kwanza na nyingine ya pili, na ukitafuta unaipata moja tu. Ushauri wangu: faili ipewe namba ya usajili ya mwanafunzi, na jina kamili likae ndani yake, limeandikwa kama mzazi alivyolitoa.

Skripti inatengeneza kifurushi kiitwacho nakala-2025-03-04_01:30.tar. Tar, programu ya kufungasha faili, inasema haiwezi kuunganishwa na mashine fulani, na diski ya nje inalikataa jina hilo. – Kijana wa ghala la samaki, Kirumba

Mkorofi ni nukta mbili kati ya saa na dakika. GNU tar huchukulia kilicho kabla yake kuwa jina la mashine ya mbali. Chaguo la --force-local linaizuia. Lakini diski zenye mfumo wa faili wa NTFS au exFAT zitaendelea kukataa ukizifungua kwa Windows, maana huko nukta mbili imekatazwa pamoja na < > " / \ | ? na *. Andika 0130, yaishe. Kuanza na mwaka umefanya vizuri, majina yatajipanga yenyewe.

Angalia pia saa ya seva kwa amri ya timedatectl. Ikiwa imebaki kwenye UTC (saa ya kimataifa), iko nyuma yetu kwa saa 3, na nakala ya saa saba na nusu usiku itaandikwa 22:30 ya tarehe ya jana. Weka ukanda wa saa wa Africa/Dar_es_Salaam.

Nilibadili jina la folda moja tu, rsync, programu ya kulinganisha na kunakili faili kati ya mashine, ikaanza kutuma kila kitu upya kutoka Nansio hadi mjini. Bando limekwisha. – Dada wa Ukerewe

Pole dada. Rsync hailinganishi yaliyomo kwanza. Inafuata njia na jina. Folda yenye jina jipya kwake ni folda mpya. Badili jina hilo hilo kwenye seva ya mjini, kisha endesha rsync kwa -n (jaribio lisilotuma chochote) uone itatuma nini kabla hujatumia bando. Chaguo la --fuzzy husaidia faili moja moja iliyobadilishwa jina ndani ya folda ile ile, na kama unatumia chaguo la kufuta yasiyopo tena kwenye chanzo, liwe --delete-after. Kwa intaneti ya kulipia, mimi ningehamia programu za bakapu za restic au Borg: zinatambua vipande vya data, hivyo zitasoma upya folda lakini hazitatuma tena vilivyokwisha kuhifadhiwa.

Kumbukumbu za mfumo (log) nazo hubadilishwa majina kila zamu na logrotate, programu inayozizungusha, hivyo rsync huziona mpya. Weka dateext, chaguo la kuongeza tarehe kwenye jina, ili majina yatulie.

Nimebadilisha majina ya faili za Duplicati (programu ya bakapu) kwenye diski ili bosi azielewe. Sasa hairejeshi. – Igoma

Nakili folda yote pembeni kabla ya kujaribu lolote. Faili za dindex (faharasa) zinazitaja zile za dblock (zenye data yenyewe) kwa majina, kwa hiyo majina ya awali lazima yarudi. Hifadhidata ya Duplicati, kwenye mashine inayofanya bakapu, ina jina na ukubwa wa kila faili. Linganisha moja baada ya nyingine. Bosi mpe daftari lenye tarehe.