Maswali ya Wasomaji: Gobore la Kisasa na Shabaha Yake

Tangu Tony Knight wa Missouri atoe bunduki yake ya MK-85 mwaka 1985, gobore la Marekani si lile la zamani tena. Fataki, yaani kiwashio cha baruti, inakaa nyuma ya baruti kwa mstari ulionyooka, ndani ya mtutu mna michirizi ya kuizungusha risasi, na juu hufungwa darubini. Wasomaji wetu walioko huko wanajiandaa kwa msimu wa kulungu, na barua za toleo hili karibu zote zinahusu masafa.

Swali: Mhariri, salaam. Nimenunua gobore la .50 lenye darubini. Muuzaji kaniambia linaangusha kulungu kwa yadi 250. Mzee mmoja jirani, mwindaji wa siku nyingi, anasema nisivuke yadi 100. Nimsikilize nani?
*Msomaji, Columbus, Ohio*

Jibu: Msikilize mzee kwanza, halafu upime mwenyewe mpaka ujue unaweza kumvuka kwa kiasi gani. Ulengaji wa bunduki yenyewe hauna shida. Mtutu wa .50, yaani wenye kipenyo cha nusu inchi, ambao michirizi yake inakamilisha mzunguko mmoja kila inchi 28 ndio wa kawaida kwenye magobore haya. Ukiulisha baruti na risasi zinazopatana nao, utaweka risasi tatu ndani ya inchi moja na nusu hadi mbili kwa yadi 100, mpigaji akiwa ameegemea vizuri. Sehemu ya moyo na mapafu ya kulungu mkia-mweupe ina upana wa inchi nane hivi. Kwa hesabu hiyo tu, yadi 250 zinaonekana rahisi.

Shida ni kuanguka kwa risasi. Chukua risasi ya greni 250 (gramu 16 hivi) ndani ya saboti, yaani kile kikombe cha plastiki kinachoibana mtutuni, ikitoka kwa futi 1,800 hivi kwa sekunde. Ukiipanga darubini ipige katikati kwa yadi 150, kwa yadi 50 risasi itapita juu kwa inchi mbili na kitu, na kwa yadi 100 itakuwa juu kwa inchi tatu. Mpaka hapo unalenga katikati ya kifua bila kuwaza. Kwa yadi 200 imeshashuka inchi saba. Kwa yadi 250 imeshuka inchi 19, na kila yadi unayoongeza inashuka kwa kasi zaidi. Mnyama unayedhani yuko yadi 180 akiwa kweli yuko 200, umekosea zaidi ya inchi tatu kabla hata mkono haujatikisika. Kosea yadi 20 hizo hizo kule kwenye 250, na risasi inamvunja mguu au inapita chini ya tumbo.

Ongeza upepo. Upepo wa ubavuni wa maili 10 kwa saa husukuma risasi hiyo inchi mbili kwa yadi 100, na karibu inchi tisa kwa yadi 200. Hapo umeshatoka nje ya mapafu, na hakuna darubini inayokupimia upepo ulioko katikati ya bonde.

Kwa hiyo: yadi 150 kwa mtu aliyefanya mazoezi ya kutosha na mwenye egemeo. Yadi 200 ni kwa mwenye kipima-masafa ambaye amepiga karatasi kwa yadi 200 hizo hizo, akaona kwa macho yake risasi inaingia wapi. Jedwali lililo ubavuni mwa boksi la risasi lilipimwa kwa mtutu mwingine, usiliamini kwa mnyama aliye hai. Na kama kundi lako la risasi, yaani upana wa matundu yote kwenye karatasi, ukiwa umekaa porini, si mezani, linazidi inchi nane kwa yadi 100, basi yadi 100 ni mbali kwako, hata bunduki iwe ya bei gani.

Swali: Natumia vidonge viwili vya baruti ya Triple Seven vya greni 50 na risasi ya greni 250 ndani ya saboti. Mbili za kwanza zinakaa pamoja. Ya tatu inakataa kushuka, ya nne na ya tano zinakwenda zinakotaka. Je, mtutu ni mbovu?
*Msomaji, Des Moines, Iowa*

Jibu: Mtutu ni mzima, ila ni mchafu na una joto. Kila unapofyatua, baruti hii huacha pete ngumu ya masizi pale risasi ilipokuwa imekaa. Saboti inayofuata inagonga pete hiyo, nawe unadhani imefika chini kumbe imesimama juu kidogo ya baruti. Nafasi ikibadilika, msukumo unabadilika na mwendo unabadilika. Tofauti ya futi 50 kwa sekunde haionekani sana kwa yadi 100, lakini kwa yadi 200 ni kama inchi moja na nusu, juu ya makosa mengine yote.

Fanya hivi baada ya kila risasi, hata ile ya kwanza. Lowesha kitambaa kidogo kwa mate au maji, kisichuruzike. Kipeleke polepole hadi chini, ukikutana na pete kizungushe hapo mara mbili tatu, kitoe, kigeuze upande wa pili urudie. Kisha pitisha kikavu. Ukikilowesha mno, maji yanateremka kwenye tundu la kizibo cha nyuma, na fataki inayofuata italia bila baruti kuwaka.

Mdeki wako, yaani fimbo ya kushindilia, uwe na alama. Mtutu ukiwa safi, shindilia baruti na risasi kama kawaida, kisha chora mstari kwenye mdeki usawa wa mdomo wa mtutu. Kuanzia siku hiyo mstari huo ndio shahidi: ukibaki juu ya mdomo, risasi haijafika, na hufyatui. Nafasi tupu kati ya baruti na risasi inaweza kuuvimbisha mtutu, hata kuupasua. Usiigonge risasi kwa mdeki kama anayetwanga. Sukuma kwa uzito ule ule mara zote, na tumia kichwa cha mdeki kinachofanana na ncha ya risasi, maana ncha iliyobondeka hairuki sawa.

Halafu kuna joto. Saboti ni plastiki. Mtutu uliopashwa moto na risasi tatu za haraka siku ya jua la Agosti unailainisha kabla haijatoka. Subiri dakika tano hadi kumi, mpaka ukishika mtutu usihisi joto. Katembee yadi 15 au 20 mbele ya meza, wapigaji wote wakiwa wamesimamisha, ukaziokote saboti zako. Saboti nzuri imefunguka kama ua, petali zote zimekunjika sawa. Petali moja ikiwa imekatika, au kitako kikiwa kimeungua na kutoboka, sababu unayo mkononi: badilisha aina ya saboti kabla hujabadilisha kitu kingine chochote.

Swali: Nataka kuacha vidonge nianze kupima baruti mwenyewe. Nianzie wapi?
*Msomaji, Louisville, Kentucky*

Jibu: Anzia kwenye kitabu cha bunduki yako, penye kikomo cha baruti. Kikomo hicho hakivukwi. Na baruti isiyo na moshi, ile ya kujazia risasi za kawaida, usiitie kamwe kwenye gobore ambalo kiwanda hakikuandika wazi kwamba linaihimili. Magobore mengi hayaihimili, na mtutu ukipasuka uko sentimita chache kutoka usoni na mkononi mwako.

Kipimo cha gobore ni cha ujazo, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Greni 100 za ujazo za baruti ya Blackhorn 209 zina uzito wa greni 70 tu: zidisha ujazo kwa 0.7 upate uzito. Triple Seven ina nguvu kuliko baruti nyeusi kwa asilimia 15 hivi kwa ujazo ule ule, kwa hiyo kipimo cha kitabu cha zamani kipunguze kwa kiasi hicho. Ukishajua kipimo chako, kipime kwa mzani nyumbani ukitie kwenye vichupa vyenye kifuniko. Kijiko cha ujazo hutegemea umekigongagonga vipi, mzani haujali.

Anza na greni 80 za ujazo. Piga yadi 50 mpaka uingie kwenye karatasi, kisha hamia 100. Piga kundi la risasi tano. Tatu zinaweza kukaa pamoja kwa bahati tu. Ongeza greni 10, piga kundi jingine, endelea hivyo bila kuvuka kikomo. Chagua kundi dogo kuliko yote, hata kama si lenye mwendo mkali. Mara nyingi utalikuta kati ya 90 na 110, na zaidi ya hapo unaongeza teke la bega tu. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja: risasi, au saboti, au fataki, au baruti. Ukibadilisha viwili, hujui kilichokusaidia ni kipi.

Fataki nayo ina neno. Blackhorn inataka fataki ya aina ya 209 yenye moto mkali, ya shotgani, kama CCI 209M au Federal 209A. Zile 209 dhaifu zilizotengenezewa magobore huichelewesha. Kaboni yake hujaa kwenye njia ya moto ndani ya kizibo. Isafishe kwa keekee ya inchi 1/8 unayoizungusha kwa vidole, usiguse lile tundu dogo la mbele. Baruti hii husafishwa kwa dawa ya bunduki, wakati Triple Seven husafishwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, siku ile ile. Kila mara fungua kizibo na upake grisi kwenye nyuzi zake, la sivyo mwakani hakifunguki.

Swali: Huku Colorado darubini na saboti haziruhusiwi msimu wa gobore. Nitapiga mbali kiasi gani?
*Msomaji, Denver*

Jibu: Vidonge navyo haviruhusiwi huko, ni baruti ya unga tu, na kwa elki, yule kulungu mkubwa wa milimani, mtutu usipungue .50. Utatumia risasi ya madini ya risasi (lead) inayojaa mtutu wenyewe, nzito na ya polepole zaidi.

Kinachokubana hasa ni jicho. Nukta ya kilengeo cha mbele yenye upana wa inchi 0.08, ikiwa inchi 36 kutoka jichoni, inafunika inchi nane kwa yadi 100, yaani sehemu yote unayotaka kupiga. Weka nukta nyembamba zaidi, na nyuma funga kilengeo cha tundu badala ya kile cha mkato. Jicho huipata lenyewe katikati ya tundu. Yadi 100 ni masafa ya haki kwa mpigaji mzuri. Soma kijitabu cha kanuni cha mwaka husika kabla ya kununua chochote, na ukihamia jimbo jingine kisome upya: Pennsylvania, kwa mfano, ina msimu wa baada ya Krismasi wa bunduki za gumegume, zinazowashwa kwa cheche za jiwe, peke yake.

Swali: Huku kwetu kuna magobore ya kienyeji. Tukiyatilia saboti na fataki za kisasa, yatalenga kama hayo?
*Msomaji, Sumbawanga*

Jibu: Hapana, na tafadhali msijaribu. Mtutu wa gobore la kienyeji mara nyingi ni bomba la maji, hauna michirizi, kwa hiyo risasi ya saboti haizunguki, inapinduka hewani. Kubwa zaidi, bomba halikupimwa kwa msukumo wa baruti, wala kizibo chake. Likipasuka linamrudia aliyelishika. Na kumiliki silaha yoyote ya moto bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015.

Swali: Uwanjani bunduki yangu inalenga vizuri. Asubuhi ya mawindo risasi ya kwanza ilipita juu, na kesho yake haikuwaka kabisa. Nimekosea nini?
*Msomaji, Indianapolis, Indiana*

Jibu: Risasi iliyopita juu ilitoka kwenye mtutu safi wenye mafuta. Zile za uwanjani zilitoka kwenye mtutu ulioshafyatuliwa. Mtutu wa mafuta mara nyingi huitupa risasi ya kwanza mahali pake peke yake. Kabla ya kujaza kwa mawindo, kausha mafuta yote kwa vitambaa mpaka kitoke kikavu, kisha lipua fataki moja au mbili tupu, mdomo wa mtutu ukiwa umeelekea jani lililoko chini. Jani likitikisika, njia ya moto iko wazi. Ndipo ujaze. Ukitaka kujua bunduki yako inapiga wapi kweli, piga risasi moja tu kwa siku ukiwa umeiandaa hivyo hivyo, siku kadhaa, kwenye karatasi ile ile. Kundi hilo ndilo la kulungu.

Kutowaka ni unyevu au mafuta yaliyobaki karibu na baruti. Bunduki iliyotoka kwenye baridi ikiingizwa sebuleni penye joto hutoa jasho ndani ya mtutu, na baruti inalowa. Iache palipo na baridi, imefungwa kwa kufuli, fataki imetolewa. Katika majimbo mengi kutoa fataki ndiko kunakoifanya ihesabiwe haijajazwa, ila thibitisha kanuni ya jimbo lako.

Siku isipowaka, usiishushe wala usiifungue papo hapo. Iendelee kuelekea upande salama kwa dakika moja kamili au zaidi, kwa maana baruti yenye unyevu inaweza kuwaka kwa kuchelewa. Kisha weka fataki mpya ujaribu tena. Ikikataa, toa fataki, fungua kizibo, utoe baruti kwa nyuma na kuisukuma risasi itoke huko huko. Mtutu uliojazwa usiutazame kutoka mbele, hata kama una hakika baruti imelowa.