Mbona kwaya inakuliza, mama?

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Uliniuliza kwenye simu: mama, mbona kanisa unalilalamikia kila siku, lakini kwaya ikigusa wimbo wa zamani machozi yanakutoka? Nilicheka tu, maana baba yako alikuwa anasikiliza. Sasa nakujibu.

Tulikua karibu na Mvumi, baada ya Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971 kuwatoa watu kwenye matembe yao, zile nyumba za udongo, na kuwapanga katika vijiji vya ujamaa. Redioni Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, shuleni nyimbo za kulisifu Azimio la Arusha, jioni mazoezi ya kwaya kwa mwanga wa karabai. Akilini mwangu hayo yote yalikuwa kitu kimoja.

Mwalimu wa kwaya aliandika sol-fa, zile do-re-mi, ubaoni, kila sauti na mstari wake. Mimi nilikuwa sauti ya pili. Sauti ya pili ukiiimba peke yako jikoni, mtu atadhani wimbo umekushinda. Inataka wenzake. Kwenye besi alisimama mtoto wa katibu tarafa, bega kwa bega na kijana aliyechunga ng'ombe za watu, na aliyeburuza wimbo alikaripiwa, awe nani. Hotuba za usawa nilizisikia nyingi; usawa wenyewe niliuamini pale.

(Ngoma hatukuruhusiwa. Muheme, ambayo bibi yako aliipiga akiibana kwa magoti, iliitwa ya kipagani. Leo inapigwa madhabahuni siku ya mavuno na wazee wa kanisa wanacheza. Haya.)

Sasa Jumapili majina ya waliotoa ahadi za michango yanasomwa kwenye spika, kuanzia mwenye fungu nono, na wajane wanasikia yao mwishoni, watu wakiwa wameshaanza kutafuta viatu vya watoto. Ndiyo maana naudhika. Asiyewahi kusimama kwenye ile kwaya ataona ni utaratibu tu. Wenzangu kadhaa wamehamia makanisa mengine. Mimi siendi, kwa kuwa ahadi ile ya usawa niliisikia humu humu, na humu ndimo nitakapoidai.

Kikao kijacho nitaomba majina yasisomwe kabisa. Baba yako anasema nitagombana na watu wa kamati ya ujenzi. Huenda.

Wasalimie wajukuu wangu, na huyo mdogo mwanzishe sauti ya pili.

Mama yako