Wanafunzi wangu wa sheria hawafungui mdomo

SWALI: Habari mwalimu. Mi ni lekchara mpya, nafundisha sheria ya mikataba mwaka wa kwanza, darasa la watu kama 120. Nimefundishwa na wale walimu wakali wa kukuinua ghafla, "wewe mwenye shati jeupe, tuambie kesi iliamuliwaje", nikajua ndo sheria inavyofundishwa. Wiki mbili zilizopita nikamwinua binti mmoja, akasimama, kimyaaa, akaanza kulia. Tangu siku hiyo nikiuliza kitu wote wanaangalia meza, naongea peke yangu saa mbili nzima kama redio. Ila nikiacha kuwauliza si ntazalisha mawakili mabubu? Nifanyeje?

JIBU: Pole, na pole zaidi kwa huyo binti. Kama hujamtafuta mtafute leo, umwombe radhi, usimwite ofisini kama mtuhumiwa.

Sasa tuje kwenye huo ukali. Kumhoji mwanafunzi juu ya kesi kulishika mizizi Harvard kuanzia 1870 chini ya mkuu wa kitivo Christopher Columbus Langdell, na wazo lenyewe zuri tu, kwamba mwanafunzi asimezeshwe kanuni, aichimbue mwenyewe ndani ya hukumu. Sioni mahali wazo hilo linapohitaji mtu atetemeke.

Kwa hiyo usiache kuuliza, badilisha unachouliza. "Iliamuliwaje" ina jibu moja, asiyesoma anaumbuka na aliyesoma anarudia tu alichokariri.

Chukua ile kesi ya Uingereza ya Carlill ya 1893 (najua unayo, nani hana). Kampuni imetangaza gazetini itampa paundi 100 atakayetumia kidude chao cha moshi mara tatu kwa siku kwa wiki mbili halafu bado akapata mafua, tena ikasema imeshaweka paundi 1,000 benki kuonyesha haitanii. Mama kakitumia kama walivyosema, mafua yakampata, kampuni ikagoma kulipa. Ishia hapo hapo, hukumu usiiguse. Walio kushoto ni mawakili wa kampuni, kulia wa mama, wape dakika tano wabishane wawili wawili na jirani, ndo uanze kuuliza. Hapo hata ambaye hajasoma ana la kusema maana nani hajawahi kudanganywa na tangazo. Mmoja atasema aah yale ni majigambo ya biashara tu, mwingine atamrukia sasa hela ya benki ilikuwa ya nini, na yupo atakayeuliza mbona huyo mama hakuwaambia kampuni kwamba amekubali. Hizo ndo hoja zenyewe zilizobishaniwa Mahakama ya Rufani, na wamezifikia bila wewe. Ukiwapa hukumu saa hiyo wataisoma kama mtu anayetafuta matokeo ya mechi.

Halafu watu waambie mapema zamu yao. Wiki hii safu tatu za mbele, na mwenye shida akutumie meseji kabla, unamruka bila kumdai maelezo. Akikwama katikati aruhusiwe kunong'ona na mwenzake, mbona mawakili mahakamani wanaomba dakika washauriane na hakuna anayewacheka. Na ukishauliza nyamaza, hesabu hata mpaka kumi kimoyomoyo, sisi walimu tunaogopa ukimya kuliko wao tunaishia kujijibu.

SWALI: Mwalimu mi mwanafunzi, nimepata 48 kwenye swali la uzembe, lile la dereva aliyegonga mtu. Pembeni pameandikwa "chambua zaidi", basi. Kuchambua ndo kufanyaje?

JIBU: Hayo maoni ni sawa na daktari akuandikie "pona", walimu mnaosoma hapa mnajijua. Mara nyingi maana yake umeandika sheria vizuri halafu ukakimbilia "kwa hiyo analipa", ukamsahau dereva mwenyewe. Chukua aya moja, pigia mstari kila sentensi inayotaja kitu kilichotokea kwenye swali, kwamba ilikuwa usiku, mvua inanyesha, alikuwa anaongea na simu. Kama hakuna hata mstari mmoja, tatizo umeliona. Iandike upya, kila tukio useme linaonyesha nini kuhusu uangalifu wake, na jibu hoja atakayoleta wakili wa dereva. Mpelekee mwalimu hiyo aya moja tu, sio insha nzima, akuangalizie mkiwa mmekaa wote.