Ukiwa na Siku Moja Mji Mkongwe, Usiiache Vuga

Wageni wengi wanaoshuka boti bandarini Malindi, wakiwa na siku moja tu ya kuutembelea Mji Mkongwe wa Zanzibar, huongozwa katika njia ileile: Forodhani, Ngome Kongwe, lilipokuwa soko la watumwa, duka la viungo, kisha gari la kwenda Nungwi. Nimekuwa nikiwatembeza jamaa na marafiki wanaotoka bara, na ushauri ninaowapa unatofautiana kidogo na huo. Naona mji huu hueleweka vizuri zaidi mtu anapoupitia kwa kufuata waliowahi kuutawala, na anapotenga saa mbili za alasiri kwa ajili ya Vuga, mtaa ambao waongoza watalii wengi huupita bila hata kusimama.

Anza Darajani, na uwahi asubuhi kabla jua halijawa kali. Soko lilijengwa mwaka 1904, wakati Zanzibar ilikuwa tayari chini ya himaya ya Uingereza iliyotangazwa mwaka 1890, na hadi leo ndipo watu wa mjini wanaponunua samaki, nyama na viungo vya nyumbani. Bei ya viungo hapa ni nafuu kuliko katika maduka ya vitu vya watalii, kwa hiyo kama una nia ya kununua karafuu au iliki, malizana nayo mapema. Kabla ya kuingia vichochoroni, simama kwanza kando ya barabara kuu na uitazame vizuri. Hapo palikuwa na mkono wa bahari uliotenganisha mji wa mawe na Ng'ambo, na jina la Darajani limetokana na daraja lililouvuka. Mkono huo ulifukiwa hatua kwa hatua, lakini mgawanyo ulibaki: katika mipango yao ya miji, Waingereza waliichukulia Ng'ambo kuwa makazi ya Waafrika, na upande wa mawe kuwa wa Waarabu, Wahindi na Wazungu. Ukilijua hilo mapema, mambo mengi utakayoyaona baadaye mchana yatakuwa na maana.

Kutoka hapo ni hatua chache kufika Mkunazini, na hapa nashauri uchukue mwongozaji mwenye kitambulisho, si papasi aliyekudaka njiani. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 baada ya Sultani Barghash bin Said kutia saini mkataba kwa shinikizo la Waingereza, na wamisheni wa Kianglikana wakajenga kanisa kuu mahali hapo. Askofu Edward Steere, aliyeusimamia ujenzi huo na aliyefanya kazi kubwa ya kuandika sarufi ya Kiswahili, alifariki mwaka 1882 na kuzikwa humo ndani. Utaoneshwa pia vyumba vya chini ya ardhi na kuambiwa kwamba watumwa walifungiwa humo. Yasikilize maelezo hayo kwa tahadhari, kwa kuwa jengo lililo juu yake lilijengwa na wamisheni baada ya soko kufungwa, na wapo wanahistoria wanaoitilia shaka habari hiyo. Ukatili wa biashara yenyewe hauhitaji kuthibitishwa na vyumba viwili. Mimi huwaomba wenzangu wakae zaidi mbele ya sanamu za watumwa zilizochongwa na Clara Sörnäs mwaka 1998, ambazo zimesimama ndani ya shimo uani, shingo zikiwa katika minyororo.

Jua linapopanda, ingia vichochoroni, kwa sababu vilijengwa vyembamba na kuta zake ndefu hukupa kivuli karibu mchana kutwa. Usihangaike na ramani ya simu, ambayo humu hupoteza watu kuliko kuwasaidia. Ukipotea, uliza bahari iko wapi au Darajani ni wapi, nawe utatoka salama. Vaa nguo zinazofunika mabega na magoti, toa salamu kabla ya kuuliza njia, na omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Siku ya Ijumaa maduka mengi hufungwa wakati wa sala ya mchana, na katika mwezi wa Ramadhani haifai kula wala kunywa hadharani.

Humu ndani tazama juu na utazame kuta. Nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vingi ni virefu na vyembamba: upana wa chumba hufuata urefu wa boriti. Milango yenye kichwa cha mraba kwa kawaida ni ya mtindo wa Kiarabu, na ile yenye tao juu ni ya mtindo wa Kihindi. Utaona pia mahali ambapo saruji imepakwa juu ya chokaa ikaanza kubanduka, kwa sababu saruji huuzuia unyevu kutoka ndani ya ukuta. Mji uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, lakini ukarabati wa namna hiyo bado unaendelea, na kwangu mimi hilo linasikitisha kuliko nyumba iliyoachwa bila rangi. Ukichoka, kuna kahawa chungu barazani Jaws Corner, ambako wazee hucheza dhumna na kujadili siasa bila kumwonea haya mgeni.

Ufukweni usichukue muda mrefu. Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani baada ya kuwafukuza Wareno, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno hao. Beit al-Ajaib, kasri la Barghash la mwaka 1883, liliporomoka sehemu mnamo Disemba 2020, kwa hiyo usiende ukitarajia kuingia bila kuulizia kwanza. Jambo la kukumbuka ukiwa hapo ni tarehe 27 Agosti 1896, siku ambayo manowari za Uingereza zililipiga mizinga kasri la sultani kwa muda usiofika saa moja, kwa sababu Khalid bin Barghash alikuwa ameshika kiti bila idhini yao. Baadaye Beit al-Ajaib yenyewe iligeuzwa kuwa ofisi za serikali ya Kiingereza.

Sasa fuata Barabara ya Kenyatta kutoka Shangani hadi Vuga. Hapa utakuta Mahkama Kuu na, mbele kidogo kuelekea Mnazi Mmoja, Beit el Amani, makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1925 kwa kumbukumbu ya amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Yote mawili ni kazi ya John Houston Sinclair, Mwingereza ambaye mwaka 1922 alifikia cheo cha Balozi Mkaazi, yaani mtawala halisi wa visiwa hivi. Ukiyaona kwa mbali, ungedhani yamejengwa na sultani: kuba nyeupe, matao, nakshi za Kiarabu. Naamini hilo halikuwa suala la ladha tu. Serikali iliyotawala kwa jina la sultani ilikuwa na kila sababu ya kuvaa kanzu yake, na hakuna mahali pengine mjini ambapo ujanja huo wa himaya unaonekana waziwazi kama hapa.

Kama miguu bado ina nguvu, vuka barabara uende Ng'ambo, hadi Michenzani, ukayaone majumba marefu ya ghorofa yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Kisha rudi Forodhani jioni kwa urojo, mishikaki na juisi ya miwa, na uulize bei kabla sahani haijajazwa.