Kuku wanakoroma na kuharisha kijani: ni mafua ya ndege?

Mkuu, umeuliza mawili: kama kuku wako wana mafua ya ndege, na kama uwawekee OTC, ile antibayotiki ya kuua bakteria, kwenye maji. La pili nalijibu kwanza. Usiweke. Mimi niliweka.

Ilikuwa Januari 2017, Uganda wametoka kutangaza ndege wa porini wanakufa Lutembe, ziwani karibu na Entebbe, kwa virusi vya H5N8. Wiki hiyohiyo kuku wangu machotara hapa Kibaha wakaanza kupinda shingo. Nikachanganyikiwa, nikawanywesha OTC siku kumi na mbili. Wengi wakafa vilevile. Mtaalamu wa mifugo akampasua mmoja, akaona madoa ya damu tumboni, lakini akagoma kutaja ugonjwa: kideri (Newcastle) na mafua makali ya ndege kwa macho hayatofautiani, mpaka sampuli iende maabara. Majibu yakaja kideri. Na hata yangekuja hayo mengine, vyote ni virusi, OTC haiviwezi.

Waliopona ndio walionifundisha. Wakaharisha wiki nzima, maana dawa ilikuwa imeua hata bakteria wazuri wa utumboni, wale wanaokalia nafasi ili salmonela, bakteria anayeharisha kuku hata watu, akose pa kukaa. Mwaka 1973 watafiti Nurmi na Rantala wa Finland walionyesha kwamba kifaranga akilishwa vya utumboni mwa kuku mkubwa mzima, salmonela hamshiki kirahisi. Kifaranga wa kienyeji hupata hayo bure akichakura na mama yake. Wa mashine mama atamtoa wapi?

Watu nao: aliyekufa usimnyonyoe wala usimle (najua inauma), mfukie, mpigie afisa mifugo, maana mafua ya ndege humpata hasa anayeshika wagonjwa. Ila kilichoingia nyumbani kwangu ni kuhara. Kijana wangu wa miaka minne alikuwa anaokota mayai, halafu anakula embe bila kunawa. Swali la kwanza la daktari: "Mnafuga kuku?"

Ambao bado wazima wachanje kideri kwa chanjo ya I-2, tone moja jichoni, rudia kila miezi mitatu. Aliyeanza kukoroma chanjo haimsaidii tena.

Na kama OTC ulishaweka, mayai usiuze mpaka siku zilizoandikwa kwenye pakiti ziishe. Mimi nilisoma pakiti mama watoto ameshauza trei nne.